Mlango ukifunguka, mkono usiache usukani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pamoja na watoto,

Mara hii hatutaanza na kariere, wala na atelie, wala na shimo la chini ya udongo. Tutaanza juu angani, ndani ya ndege ndogo kabisa, ndege ya watu wawili, ambayo mwenyewe ameijenga kwa mikono yake nyumbani kwake. Usicheke. Usiseme: “Mimi sina ndege, habari hii si yangu.” Soma mpaka mwisho, ndipo utaniambia kama si yako.

Ndege zinazojengwa nyumbani

Kuna nchi, zaidi sana Marekani, na vilevile Ufaransa na Uingereza, ambako sheria inampa mtu wa kawaida ruhusa ya kujijengea ndege. Mtu huyo anaweza kuwa fundi wa motokari, mwalimu ao mkulima. Ananunua plani, ao vipande vilivyofungwa katika masanduku. Jioni akitoka kazini anakata bati za alumini, anatoboa, anapiga riveti elfu kwa elfu. Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka miwili, mitano, hata kumi. Katika Marekani sheria inataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mwenyewe, kwa kujifunza na kwa kujifurahisha. Ikimalizika, mkaguzi anakuja kuiangalia, kisha inarushwa.

Usifikiri ni mambo ya watu wachache. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka wa 1973, imeuza vipande vya ndege zinazoitwa RV, na zaidi ya 10,000 zimekwisha kuruka. Mwingine anayejulikana ni Burt Rutan, aliyefanya kazi yake huko Mojave katika California. Yeye alichora VariEze, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1975, na Long-EZ mwaka wa 1979. Ni yeye pia aliyechora Voyager, ndege iliyozunguka dunia nzima mwaka wa 1986 bila kusimama na bila kuongezwa mafuta.

Nyingi za ndege hizo hazina mlango wa pembeni kama motokari. Zina kifuniko kimoja kikubwa cha plastiki, safi kama kioo, kinachofunika vichwa vya watu walioketi. Kifuniko hicho kinashikwa na komeo, mara moja, mara mbili. Komeo ni chuma kidogo unachoweza kukificha ndani ya mkono. Juu ya chuma hicho kidogo ndiyo habari yetu yote.

Kushuka si kufungwa

Kifuniko kinafunguka angani kwa sababu gani? Mara nyingi si kwa sababu chuma kimevunjika. Ni kwa sababu piloti aliona kifuniko kimeshuka, akafikiri kimefungwa. Kushuka si kufungwa. Jicho linaona kifuniko kimelala vizuri mahali pake. Komeo halikuingia, ao limeingia nusu.

Na piloti huyo si mjinga. Sikia ginsi inavyomfikia. Chini ya plastiki ile jua linachoma kama tanuru. Basi anaendesha ndege polepole kwenda mwanzo wa njia ya kurukia, kifuniko kikiwa wazi kidogo ili apate hewa. Anasema moyoni: “Nitakifunga kule mbele.” Kule mbele redio inamwita, ao rafiki aliyeketi karibu anamwuliza neno, ao ndege nyingine inangoja nyuma yake. Mawazo yake yanakatika katikati. Anasukuma motere, anaanza kukimbia. Na zaidi ya hayo, ndege ni yake, komeo alilitengeneza mwenyewe, amelifunga mara mia tano. Kitu tunachokijua sana ndicho tunachoacha kukiangalia. Wewe unayelegeza mshipi wa kaske yako saa ya joto na kusema “nitaukaza nikifika”, unamjua mtu huyu. Ni ndugu yako.

Sasa angalia nguvu ya upepo. Upepo unaopita juu ya kifuniko kilichopindika unafanya kazi ileile unayofanya juu ya bawa: unavuta kwenda juu. Ndege ikienda polepole, uzito wa kifuniko unatosha kukilaza. Lakini mbio zikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Kwa kilometa 80 kwa saa, upepo unaweza kusukuma kila meta ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 30. Kwa kilometa 160 kwa saa, ni karibu kilo 120. Ndiyo sababu kifuniko hakifunguki mbele ya hangari, mahali ambapo piloti angecheka na kukifunga. Kinafunguka wakati magurudumu yanaacha udongo ao mara tu baadaye: ndege iko chini, mbio bado ni kidogo, miti iko mbele. Ni saa mbaya kupita zote.

Kelele si hatari

Fikiri uko ndani. Kishindo kama bunduki. Halafu upepo unaingia na kunguruma, hausikii tena redio, husikii tena mtu aliye karibu nawe. Mavumbi ya chini ya kiti yanaruka machoni. Karatasi ya njia inaondoka. Miwani yako inaondoka. Ndege inatetemeka. Mwili wako wote unapaza sauti: “Funga! Funga upesi!”

Na hapo ndipo neno kubwa la ukurasa huu. Kwa mara nyingi, ndege hiyo bado inaruka. Mabawa yapo. Motere inazunguka. Mkia upo. Kifuniko chenye bawaba mbele kinainuka sentimita chache nyuma, kisha upepo wenyewe unakizuia hapo. Kinachoteleza nyuma kama mlango wa duka kinarudi kidogo na kukaa. Pua ya ndege inaweza kutaka kushuka, mkia unaweza kutetemeka kwa sababu upepo unaoufikia umechafuka, lakini mkono wa piloti unaweza kushika.

Namna mbaya zaidi ni kifuniko chenye bawaba pembeni, kama cha Long-EZ. Upepo unaweza kukitupa wazi kabisa, hata kukivunja. Na Long-EZ ina helisi yake nyuma, si mbele. Kofia, kitabu, kipande cha plastiki, kila kinachotoka ndani ya ndege kinaweza kwenda moja kwa moja katika helisi inayozunguka. Hapo hatuwezi kusema hakuna hatari. Lakini hata hapo, piloti ana njia moja tu ya kumrudisha nyumbani: kuendelea kuongoza ndege.

Kitabu ambacho serikali ya Marekani inafundishia mapiloti kinasema wazi kwamba mlango ukifunguka angani, kwa kawaida hatari si mlango wenyewe. Hatari ni namna piloti anavyoshituka. Anaangalia mlango, anasahau ndege. Ananyosha mkono kuvuta kifuniko, na mwili ukiinama, mkono mwingine unavuta fimbo bila yeye kujua. Pua inainuka. Mbio zinapungua. Ao mwenyewe anapunguza mbio makusudi ili kelele ipungue. Nyingi za ndege za RV haziwezi kukaa hewani zikienda chini ya kilometa 80 ao 90 kwa saa. Bawa linaacha kubeba, ndege inageuka upande mmoja, inaanguka. Na udongo uko karibu, hakuna nafasi ya kuiokoa.

Ona basi: mtu amekufa mkono wake ukiwa juu ya kifuniko. Ndege yake ilikuwa nzima.

Mambo ambayo piloti anapaswa kufanya

Mafundisho yao ni mafupi, na inafaa tuyajue, kwa sababu yana akili ya kazi yote ya hatari.

Kama magurudumu yangali chini na njia ya mbele inatosha: punguza motere, simama, ndipo ufunge. Hakuna haya kuanza tena.

Kama umekwisha kuruka na njia imebaki fupi: acha kifuniko. Shika fimbo, angalia mbele, linda mbio, panda moja kwa moja mpaka juu ya kutosha. Usifungue mkaba wa kiti ili kufikia komeo. Unaweza kuanguka, ao kupiga fimbo kwa mwili.

Usijaribu kushindana na upepo. Tumekwisha kuona hesabu: kilo 120 kwa kila meta ya mraba, na mkono mmoja. Nani atashinda?

Kisha zunguka kwa upana kama siku zote, bila haraka, bila kona kali. Shuka ukiwa na mbio za kutosha mpaka magurudumu yaguse. Simama. Zima. Sasa funga kifuniko chako, na kama unataka kutetemeka, tetemeka sasa.

Si ndege ndogo peke yake

Wengi wetu hapa Katanga tukisikia “mlango wa ndege umefunguka” tunakumbuka tarehe 8 Mei 2003. Ndege kubwa ya mizigo, Ilyushin 76, ilitoka Kinshasa kuja Lubumbashi, imebeba askari na jamaa zao. Njiani mlango mkubwa wa nyuma ulifunguka na hewa ikavuta watu nje. Hesabu za waliopotea zilizotolewa hazikupatana. Kilio kilikuwa katika nyumba nyingi.

Habari ile si sawa na ya ndege ndogo, na ni lazima nieleze tofauti ili usiogope bure. Ndege kubwa inapanda juu sana, kwa hiyo hewa inasukumwa ndani yake ili watu wapumue. Mlango ukifunguka, hewa ile inatoka kwa nguvu na kuchukua yote. Ndege ndogo za kujengwa nyumbani karibu zote hazisukumiwi hewa ndani. Ya ndani na ya nje ni sawa. Upepo wake unasumbua, lakini haumnyonyi mtu nje ya kiti kama amefunga mkaba. Lakini kitu kimoja ni sawa katika zote mbili. Mwaka ule wa 2003, huku nyuma mambo ni ya kutisha, wale wa mbele waliendelea kuongoza ndege, wakaigeuza, wakairudisha Kinshasa na kutua. Waliobaki ndani walirudi kwa sababu mikono ya mapiloti haikuacha usukani.

Na sasa sikia kinyume chake. Tarehe 29 Desemba 1972, usiku, ndege kubwa ya kampuni ya Eastern Air Lines ilikuwa inakaribia Miami, katika Marekani, na watu 176 ndani. Taa moja ndogo haikuwaka, ile inayoonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kushika. Mapiloti wakaingia katika taa ile. Huyu anaivuta, yule anaisukuma, mwingine ametumwa kuangalia chini. Kumbe chombo kilichokuwa kikiishika ndege mahali pake juu kilikuwa kimejiachia, na ndege inashuka polepole katika giza. Walipostuka, walikuwa wamefika katika maji ya bwawa kubwa la Everglades. Watu 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri. Taa tu ndiyo iliyokuwa imeungua.

Taa ndogo. Komeo dogo. Kitu kidogo kinaita kwa sauti kubwa, na kitu kikubwa kinanyamaza. Ndiyo hila ya ajali.

Neno langu mwenyewe

Sasa tushuke kutoka angani, nikuambie kwa nini ndege hizi zinaniondolea usingizi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa shofere wa kamio ya kubeba mawe katika kariere. Sitasema ya kampuni gani. Mchana mmoja wa joto nilikuwa nimesimama nangoja kupakiwa, mlango wazi kidogo ili upepo uingie. Nilipopakiwa niliuvuta, nikasikia “ka”, nikaondoka. Karibu nami aliketi kijana aliyekuwa anajifunza kazi. Katika kona ya kushuka mlango ukafunguka wote. Sikufikiri kitu. Nilinyosha mkono wa kushoto nje kuukamata, na mkono wa kuume ukavuta usukani pamoja na mwili wangu. Gurudumu la mbele likapanda juu ya kilima cha udongo kilichowekwa kando ya njia. Kilima kile kilitushika. Nyuma yake palikuwa hewa tupu, chini sana. Kijana yule hakusema neno. Nami sikusema neno.

Shefu alikuja, akauliza: “Nani aliacha mlango wazi?” Nikajibu: “Ni mimi.” Wakaniandika, wakanikata siku za mshahara, ikaisha. Hakuna aliyeniuliza: “Mkono wako ulikuwa wapi?” Nami sikueleza, kwa haya. Niliacha wote wafikiri kwamba mlango ndio uliopandisha kamio juu ya udongo. Si kweli. Mlango wazi haugeuzi usukani. Ni mimi niliyeugeuza.

Mwaka uliofuata mwenzangu mmoja wa posti ya usiku alishuka njia ileile. Chupa yake ya chai ilianguka chini ya miguu yake. Aliinama kuiokota. Kilima cha udongo hakikumshika yeye. Tulimzika siku ya jumapili, bibi yake akiwa na mtoto mgongoni. Tangu siku ile najiuliza: kama ningesema mbele ya ekipi yote, “Ndugu zangu, mlango haukuniangusha, mkono wangu ndio ulitaka kuniua”, je, angeinama? Sijui. Lakini najua kwamba hakusikia neno lile, kwa kuwa mimi nililificha.

Basi hili ndilo shauri langu, na kama hulikubali, tuzungumze. Sisi tunapenda kuuliza swali moja tu kisha ajali: nani alisahau? Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu. Kusahau hakutakwisha duniani. Mtu mwangalifu kupita wote atasahau siku moja, kwa joto, kwa usingizi, kwa mtoto mgonjwa aliyemwacha nyumbani. Ni lazima tuulize na swali la pili: alipoona kosa lake, alifanya nini? Na ni lazima anayejibu asiogope. Ukimwadhibu mtu aliyesema ukweli, ukweli wa kesho utafichwa, na mwingine atalipa kwa mwili wake.

Tena tunasifu sana wepesi. “Mtu huyu ni mwepesi, anakamata vitu vikianguka.” Mimi nasema, kuna saa ambayo wepesi ni adui. Kama una kamio mkononi, ao kamba ya mashini ya kuinua mizigo, ao tochi ya kukatia chuma inayowaka, basi kitu kingine kikianguka, acha kianguke. Kaske ikitoka kichwani, acha iende. Simu ikilia, iache ilie. Kwanza simamisha ulichoshika. Kisha okota.

Komeo la pili

Usifikiri nasema mlango hauna maana, tufunge ao tusifunge ni sawa. Hapana. Kujikinga ni bora kuliko kujiponya. Angalia wajenzi wa ndege walivyofanya.

Kwanza, hawategemei jicho. Kabla ya kuruka, piloti anagusa komeo kwa mkono, kisha anasukuma kifuniko kwenda juu kwa nguvu. Kama kinakaa, kimefungwa. Jicho linadanganyika, mkono unaosukuma haudanganyiki upesi.

Pili, wana karatasi ya mambo ya kuangalia, na wanaisoma hata kama wanaijua kwa kichwa. Akikatizwa katikati na mtu ao na redio, haanzi pale alipofikiri ameachia. Anarudi juu, mstari wa kwanza. Hiyo ni dakika moja tu.

Tatu, wanaweka ulinzi wa pili kwa ajili ya siku ya kusahau. Long-EZ ina ndoano ya pili mbali na komeo kubwa: hata komeo likiachwa, ndoano inakikamata kifuniko kikiwa kimeinuka kidogo tu, hakiwezi kutupwa wazi. Na kuna kengele inayolia piloti akisukuma motere hali kifuniko hakijafungwa. Yule aliyewaza hivyo hakusema: “Piloti wangu hatasahau.” Alisema: “Siku moja atasahau, na mimi nataka arudi kwa watoto wake.” Hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa mfanyakazi.

Kile kilima cha udongo kilichoniokoa kilikuwa ndoano yangu ya pili. Kuna mtu alikiweka pale kwa mashini yake, bila kunijua. Kwa hiyo, wewe unayepewa kazi ya kutengeneza ukingo wa njia, usiseme ni kazi ndogo. Ukiona umeporomoka, sema leo, si kesho kutwa.

Kwako mama

Mama, na wewe una ndege yako ndogo. Mtoto yuko mgongoni, mwingine anacheza karibu na mbabula, maji yanachemka. Kifuniko cha sufuria kinaanguka kwa kishindo. Unageuka upesi kukiokota, na mgongo wako, pamoja na mtoto, unageukia moto. Ao yule mwingine anakimbilia sufuria kwa kuogopa kelele. Watoto wengi wanaoletwa lopitali na vidonda vya maji ya moto waliungua nyumbani, karibu na mama zao wenyewe. Kifuniko hakina uzima, kiache. Kwanza shika watoto, wasogeze. Kisha okota kifuniko, kioshe, cheka.

Na jioni, baba akirudi amenyamaza, muulize vizuri: “Leo kitu gani kilifunguka?” Akikuambia kosa lake, usimcheke mbele ya watoto. Mwambie akaliseme kwa ekipi yake kabla posti haijaanza. Pengine kwa neno lile bibi mwingine katika kambi hatalia.

Kwa kuachana

Ndugu msomaji, kesho ukipanda mashini yako, fanya kama yule mjenzi wa ndege: funga, gusa, sukuma. Usiamini jicho peke yake. Ukikatizwa, anza tena toka mwanzo. Na siku ambayo kitu kitafunguka, kwa maana siku hiyo itakuja, usikimbilie kelele. Shika ulichokuwa umeshika. Endelea mpaka mahali pa kusimama. Simama. Ndipo ufunge.

Halafu nenda useme. Useme mlango, na useme na mkono. Mimi nilisema mlango tu.